Si Kila Muwasho Ni Fangasi: Kisa cha Mama wa Miaka 54, Dodoma

Mama huyu ana miaka 54. Anauza ubuyu, karanga na mlenda mkavu katika soko moja la mjini Dodoma; kwao ni Chamwino. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 50. Alipokuja kliniki aliyataja matatizo yake kwa mkupuo mmoja huku akitazama ukuta: anawashwa, mkojo unamuunguza, tendo la ndoa limegeuka adhabu, na mara mbili ameona damu kidogo baada ya tendo. Mambo hayo yalikuwa yanaelekea mwaka wa pili. Ameridhia kisa kiandikwe, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Kabla sijauliza zaidi, alitoa mfuko wa kaki kwenye kikapu chake akaumimina mezani. Kadi tatu za antibiotiki ya siprofloksasini, moja haijaisha. Metronidazoli, antibiotiki nyingine. Flukonazoli, ya fangasi. Boksi mbili za vidonge vya klotrimazoli, vya fangasi pia, vya kuweka ukeni, na kile kijiti chake cha plastiki kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Tyubu ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake, ile inayouzwa kwa kila ugonjwa wa ngozi, imekamuliwa mpaka imejikunja. Chini kabisa setirizini, dawa ya mzio, ambayo hata hakuihesabu. "Hiyo ya mafua tu, mwanangu. Ya vumbi."

Karatasi za maabara nazo alikuwa amezitunza. Kila moja ilisema chembe za usaha 5, nyingine 8, nyingine 10, na chini yake mtu ameandika UTI kwa wino wa bluu. Hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba mkojo uliwahi kuoteshwa ili kujua kama kuna bakteria, na ni bakteria gani. Na katika vituo na maduka yote aliyopitia, hakuna aliyemwambia apande kitandani achunguzwe.

Nimeanza na mfuko kwa sababu ndio nusu ya ugonjwa.

Swali ambalo lingetakiwa kuulizwa tangu mwanzo ni hili: fangasi wanatafuta nini kwa mama aliyekoma hedhi miaka minne iliyopita? Kandida, fangasi wa kawaida wa ukeni, hustawi palipo na homoni ya estrojeni na sukari. Ndiyo maana huwasumbua zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wajawazito kuliko wote. Hedhi ikishakoma, fangasi hupungua sana. Wakionekana, tunatafuta aliyewaita: kisukari, antibiotiki za karibuni, steroidi, dawa za homoni, VVU. Sisemi haiwezekani mama wa umri huu kuwa na fangasi. Nasema huo si mwanzo wa kukisia.

Alipopanda kitandani, mengi yalionekana kwa macho tu. Utando wa uke ulikuwa umepauka, mwembamba, mikunjo yake imepotea. Mlango wa uke ulikuwa umebana, na ulikuwa na nyufa mbili ndogo: moja chini, nyingine juu, pembeni mwa kovu la zamani ambalo nitalirudia. Nilitumia spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke, ndogo kuliko zote niliyonayo, nikailowesha maji ya vuguvugu, na bado vitone vya damu vilijitokeza pale ilipogusa. Karatasi ya kupima tindikali niliyoigusisha kwenye ukuta wa uke ilisoma 6. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa asiye na tatizo husoma kati ya 3.8 na 4.5; namba ikipanda, asidi imepungua. Kwenye hadubini hapakuwa na nyuzi za fangasi wala trikomonasi, kimelea cha zinaa. Palikuwa na seli changa za utando kwa wingi na chembe nyeupe za damu za kutosha.

Hapo ndipo zile chembe za usaha za kwenye karatasi zilipopata maelezo. Mkojo ukitoka hupita pale pale penye utando uliochubuka na kuzizoa. Mama akipewa kikopo bila kuelekezwa ajisafishe kwa nje na kukinga mkojo wa katikati, maabara inahesabu mchubuko wa uke, na daktari anausoma kama ugonjwa wa kibofu. Mkojo wake nilioagiza uoteshwe haukuota kitu. Na kwa mama wa umri huu asiye na dalili, mkojo kuota bakteria peke yake si sababu ya kumpa antibiotiki. Bakteria wasiosumbua kwenye mkojo ni jambo la kawaida kadiri umri unavyosogea.

Kinachotokea mwilini hakina mafumbo. Estrojeni ndiyo inayoufanya utando wa uke uwe mnene, wenye tabaka nyingi na unaovutika. Seli zake huhifadhi glikojeni, ambayo ni aina ya sukari. Bakteria walinzi, laktobasili, huitumia sukari hiyo kutengeneza asidi, na asidi huwazuia bakteria wa haja kubwa wasihamie mbele. Ovari zikiacha kutoa estrojeni, utando unakuwa mwembamba na mkavu, glikojeni inapungua, walinzi wanaondoka, asidi inashuka. Njia ya mkojo na shingo ya kibofu nazo zinaitegemea homoni hiyo hiyo, ndiyo sababu mtu anaungua na kwenda chooni mara kwa mara hata pasipo na mdudu. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi hupungua baada ya miaka kadhaa. Ukavu huu hauendi popote. Usipotibiwa unazidi, na unakadiriwa kuwagusa takriban nusu ya wanawake waliokoma hedhi, ambao wengi hawasemi.

Mama huyu naye hakuwa amesema, isipokuwa kwa dada yake mkubwa anayeishi naye. Dada alikuwa na jibu tayari: lawalawa imerudi.

Kwa msomaji asiyetoka Ugogo wala Singida, lawalawa ni ugonjwa wa watoto wa kike, muwasho na maumivu ya sehemu za siri, ambao watu waliamini kwamba unatokana na mizimu na kwamba tiba yake ni kumkeketa mtoto. Ukiuliza hospitali, mara nyingi ilikuwa maambukizi ya mkojo, fangasi, au ngozi kuchubuka tu, katika nchi ambayo ndoo ya maji ilifuatwa mbali. Mama huyu alikatwa kabla hajaanza shule kwa sababu hiyo. Alinisimulia kwa sauti ile ile aliyotumia kunitajia umri wake.

Tukiwa Dodoma hili si la kupita haraka. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 47 ya wanawake wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 18. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliyofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai ni ya 1998. Wanaokoma hedhi leo walikuwa wameshauvuka umri huo kabla wino wa sheria haujakauka. Kwa hiyo mhudumu wa kanda ya kati anayemsikiliza mama wa miaka 50 na kitu akilalamika maumivu ya tendo, akaacha kuuliza habari za kovu, amemsikiliza nusu.

Kovu halivutiki. Miaka yote ya uzazi, ute na utando mnene wa jirani vilikuwa vinalibeba. Mama huyu alizaa watoto watano na anasema hakuwahi kuumia kiasi cha kulalamika. Estrojeni ilipoondoka, mvuto wote ukaishia kwenye kovu na nyama nyembamba iliyolizunguka, na ufa wa juu ulikuwa hapo hapo kwenye mpaka. Dada hakukosea sana alipounganisha muwasho wa utotoni na wa sasa, ila alichounganisha ni kisu, si ugonjwa.

Nikamuuliza anajisafishaje.

"Nasafisha vizuri, mwanangu. Maji ya moto, chumvi na sabuni ya mche. Ndani naingiza kidole."

"Kila siku, mama?"

"Asubuhi na jioni. Tangu niwashwe naongeza shabu kidogo, inakausha uchafu."

Shabu ni lile jiwe jeupe ambalo vinyozi humpaka mteja kidevuni baada ya kumnyoa. Kazi yake ni kukaza na kukausha. Mama alikuwa anakausha mahali panapouma kwa sababu pamekauka, kisha anapaka krimu ya steroidi ambayo hutuliza muwasho kwa siku chache huku ikizidi kuipunguza ngozi unene. Sabuni ya mche ni kali, kinyume kabisa na asidi ambayo uke unaihitaji. Na antibiotiki alizomeza huenda ziliwafagia hata wale walinzi wachache waliobaki. Ukitaka kumtengenezea mwanamke tatizo hili makusudi, usingehitaji kuongeza kitu.

Nisieleweke vibaya: sikumwona mama mchafu wala mjinga. Ni nadra kuona mtu anayejisafisha kwa bidii kama ile. Alifundishwa kwamba muwasho ni uchafu, na kila duka la dawa aliloingia lilimthibitishia kwa kumuuzia kitu cha kuua wadudu.

Soko nalo lina sehemu yake. Anafika alfajiri, choo ni cha kulipia na maji hayapo kila wakati, basi hanywi kitu mpaka arudi nyumbani. Mkojo unaokaa kibofuni tangu alfajiri hadi mchana, katika jua na ukame wa Dodoma, unatoka mzito na mkali, na ukigusa nyufa unachoma. Nilimwomba awe na chupa ya maji mezani na aende chooni angalau mara mbili kabla ya jioni. Akaniambia hiyo ni hela ya choo mara mbili. Ni kweli.

Setirizini alikuwa anaimeza kila siku tangu vumbi la kiangazi lianze. Dawa za mzio zimetengenezwa kukausha pua, lakini mwili hauna mlango wa kuzizuia zisikaushe kwingine. Zile za zamani kama klorofenamini zina nguvu zaidi kwa hilo. Tulikubaliana aiache kwanza, afunge kitambaa puani siku za upepo. Sigara havuti, na nilimuuliza kwa sababu huwahisha ukomo wa hedhi na hupunguza damu inayofika kwenye utando.

Akaniuliza kuhusu maji ya bamia. Kila mwanamke mwenye simu ameshatumiwa ujumbe wa kuloweka bamia usiku na kunywa asubuhi ili kuongeza ute. Mgogo anayekula mlenda karibu kila siku angekuwa ameshapona zamani! Bamia na mlenda ni mboga nzuri, wale kwa raha zao, ila utelezi wake unameng'enywa tumboni pamoja na ugali.

Damu baada ya tendo ndiyo iliyonifanya nisiharakishe dawa. Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi akiona damu, hata tone, hata kama sababu inaonekana wazi, anatakiwa achunguzwe saratani kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Hapa kuna jambo ambalo hata wahudumu huliruka: kile kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi hakimfai sana mama wa umri huu, kwa sababu eneo ambalo saratani huanzia huwa limerudi ndani ya mfereji na halionekani. Kipimo cha vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ndicho kinachopendekezwa. Chake kilikuwa hasi. Utrasaundi ya kupitia ukeni ingemtesa, tukaanza na ya tumboni kibofu kikiwa kimejaa. Ilionyesha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi wenye milimita 3. Milimita 4 au chini ya hapo, kwa aliyekoma hedhi, hutuliza moyo. Sukari ya asubuhi kabla hajala ilikuwa 5.4, ya kawaida. VVU hasi.

Matibabu yalianza kwa kuacha vitu. Mfuko wa kaki ulibaki kwangu kwa ridhaa yake. Kujisafisha kwa maji matupu, nje tu, basi. Chumvi ibaki jikoni. Tendo la ndoa lisimame mpaka nyufa zifunge, na baada ya hapo litumike jeli ya maji, isiyo na harufu wala ile ya kutia joto. Aliuliza kama Vaseline itafaa. Ndani ya uke, hapana. Imehusishwa na bakteria wabaya kuongezeka. Mafuta ya nazi baadhi ya wanawake huyavumilia vizuri, lakini hupasua kondomu, na ushahidi wake ni mchache.

Kisha krimu ya estrioli ya kuweka ukeni: miligramu 0.5 kila usiku kwa wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki. Maduka tuliyouliza mjini hayakuwa nayo, moja likaiagiza Dar es Salaam, na bei yake haikuwa ya mchezo kwa muuza ubuyu. Ilipofika alisomewa karatasi ya ndani na mjukuu wake, akarudi mbio: damu kuganda, kiharusi, saratani ya matiti. Maonyo hayo yalitokana zaidi na dawa za homoni za kumeza, hasa baada ya utafiti mkubwa wa Marekani ulioripotiwa 2002. Kiasi kidogo kinachowekwa ukeni huingia kwenye damu kwa uchache sana. Wapo ambao lazima tuketi na kupima zaidi kabla ya kuwapa, hasa waliowahi kuugua saratani ya matiti, na yeyote mwenye damu ambayo haijajulikana inatoka wapi. Ndiyo maana vipimo vya kutafuta chanzo cha damu aliyoiona vilitangulia krimu.

Nilimweleza pia kwa nini siiti krimu hii dawa ya tendo tu. Mwaka 1993 lilichapishwa jaribio la wanawake waliokoma hedhi wenye UTI za kujirudia: waliotumia krimu ya estrioli walipata wastani wa maambukizi 0.5 kwa mwaka, na waliopewa krimu bandia 5.9. Hakuna kadi ya siprofloksasini inayofanya hivyo.

Mume alikuwa anasubiri kwenye benchi nje. Mama aliniomba nimwite. Naye alishameza metronidazoli mara mbili, kwa sababu kila duka liliwaambia watibiwe wote, kwa ugonjwa ambao hakuna kati yao aliyekuwa nao. Nyumbani kila mmoja alikuwa anamshuku mwenzake kimyakimya. Nilimwambia, "Shikamoo mzee. Hapa hakuna aliyemletea mwenzake kitu." Alinyamaza, akavua kofia, akauliza swali moja tu: kama ni yeye aliyekuwa anamchana. Nikamweleza habari ya ukavu na kovu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayekumbuka siku za krimu. Jumatatu na Alhamisi.

Baada ya wiki 12 nyufa zilikuwa zimefunga, tindikali ilisoma 5, na spekulamu haikutoa damu. Muwasho uliisha mapema, ndani ya mwezi wa kwanza, na naamini sehemu kubwa ilikuwa ni kuacha sabuni na shabu. Maumivu ya tendo yamepungua lakini upande wa kovu bado unavuta, na misuli ya nyonga ilishazoea kujikaza ikitarajia maumivu. Kwa hilo krimu haisaidii. Anafanya mazoezi ya kupumua na kuilegeza misuli, na amepewa rufaa kwa mtaalamu wa viungo. Mwezi wa nne alipata UTI ya kweli, mkojo ukaota bakteria wa E. koli, akatumia antibiotiki ya nitrofurantoini kwa siku tano. Krimu ilikuwa imekatika dukani wiki tatu kabla.

Dada mkubwa alikuja baadaye, miaka 61, akitaka "ile krimu ya mdogo wangu". Muwasho ule ule, lawalawa ile ile. Nilimwomba naye apande kitandani, akanung'unika, akapanda. Utando ulikuwa mwekundu, umevimba, una utoko mweupe mzito, na hadubini ilionyesha nyuzi za fangasi bila ubishi. Sukari yake ilikuwa 16.2. Kwa mtu huyu estrojeni ingekuwa kuwaongezea fangasi chakula. Alipewa klotrimazoli, akaanzishiwa metformini, akaandikishwa kliniki ya kisukari.

Mdogo mtu ndiye anayemsindikiza siku za kliniki. Krimu yake ameificha, maana dada bado anaamini amenyimwa dawa nzuri.